Sista wa Zamu ya Usiku

Kioo cha dirisha la mapokezi katika kituo kimoja cha afya upande wetu kilivunjwa na mimi. Natanguliza hilo kwa sababu makala kuhusu kupigwa kwa wahudumu wa afya huandikwa na waliopigwa, au na wenzao wa chama, au na mawakili. Sisi tuliopiga huwa tunanyamaza, halafu baada ya mwaka mmoja au miwili tunajiunga na watu wengine kulalamika ati hospitali za serikali hazina adabu.

Kituo chenyewe sitakitaja. Inatosha kusema kwamba kwetu ni Dundori, kule juu ya Lanet, kwenye barabara inayopanda kutoka Nakuru kwenda Ol Kalou, na kwamba usiku wa Julai huku si wa mchezo. Baridi inaingia mpaka ndani ya blanketi. Ilikuwa Julai 2022. Cucu alikuwa na miaka 79 na kifua kilikuwa kimembana tangu jioni. Kufikia saa sita usiku alikuwa anapumua kama mtu anayepanda mlima, na amelala. Jirani mwenye Probox, ile anayobebea viazi kwenda soko la Nakuru, akatuchukua. Gari lilinuka udongo na magunia. Nilimshika Cucu mgongo njia nzima nikihesabu pumzi zake, nikapoteza hesabu, nikaanza tena.

Soja alitufungulia geti bila maneno mengi. Korido ilikuwa na taa moja. Dirishani hakukuwa na mtu. Nikabisha. Nikabisha tena. Mlango wa chumba cha kujifungulia ukafunguka kidogo, sista akatoa kichwa, glovu zina damu. Akasema, "Kijana, niko peke yangu. Kuna mama huku ndani, mtoto anatoka. Mketishe cucu wima, usimlaze. Nakuja." Mlango ukafungwa.

Nikiikumbuka sentensi hiyo sasa naona ina kila kitu: hali ilivyo, sababu yake, na maagizo ya kitabibu yaliyo sahihi kabisa. Usiku ule sikusikia hata moja kati ya hayo. Nilichosikia ni mlango. Sijui zilipita dakika ngapi, pengine kumi. Cucu alipoanza kubadilika midomo nilipiga kioo kwa ngumi iliyofungwa, na sista ndiyo kwanza alikuwa anaingia chumba cha mapokezi kwa mlango wa nyuma, anakuja kuchukua ufunguo wa kabati la oksijeni. Kipande kikamkata mkono, juu kidogo ya kiwiko.

Alijifunga bandeji mwenyewe kwa mkono mmoja, akishika ncha kwa meno. Kisha akamwekea Cucu barakoa ya oksijeni, akamdunga sindano, akarudi kwa yule mama. Hakunifokea. Hakuniuliza jina. Asubuhi Cucu alikunywa uji, na akaishi karibu miaka miwili zaidi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikiangalia vipande vya kioo, soja akaja na ufagio, akaanza kuvikusanya, akasema bila kuniangalia, "Wewe si wa kwanza."

Hiyo "si wa kwanza" ilinikaa. Mwaka huo nilikuwa nimeacha chuo, nikiishi kwa kuandikia watu makala za mtandaoni, kwa hivyo muda wa kusoma vitu ambavyo hakuna aliyenilipa kuvisoma nilikuwa nao tele. Nikaanza kumtafuta wa kwanza.

Nilianzia kwa Cucu mwenyewe. Alizaliwa kwenye shamba la mzungu, wakati milima hii yote ilikuwa mali ya masetla. Ukimuuliza juu ya matibabu ya utotoni, alikuwa akicheka kwanza. Memsahibu alikuwa akigawa chumvi ya haluli na kwinini nyuma ya jikoni asubuhi, ugonjwa wowote ule, na ukishindwa kuponywa na hizo mbili ulikuwa mvivu. Nakuru mjini kulikuwa na War Memorial, hospitali iliyojengwa kuwakumbuka wazungu waliokufa katika vita vya kwanza vya dunia, na ilikuwa ya wazungu. Mwafrika alikuwa na wodi zake, kwingine, na huko alihudumiwa na dresa, Mwafrika mwenzake mwenye kanzu nyeupe ambaye hakuwa daktari wala hakuamua lolote. Dresa ndiye aliyekuwa akikwambia dawa hakuna. Dresa ndiye aliyekuwa akikwambia subiri.

Na kulikuwa na hofu nyingine, ambayo Cucu hakuichekea. Akina mama wa shambani walikuwa wakiwatisha watoto kwa watu wa zimamoto, wanaoteka watu usiku na kuwanyonya damu. Pwani waliitwa mumiani. Neno hilo lina safari yake: zamani katika bandari za Bahari ya Hindi mumiani ilikuwa dawa, kitu cheusi cha kutibu majeraha, kilichouzwa kama bidhaa nyingine yoyote. Katika karne ya 20 likageuka likawa jina la mtu anayekuua ili atengeneze dawa kwa damu yako. Dawa ikawa muuaji. Mwaka 1947 umati wa watu wa Mombasa ulikivamia kituo cha zimamoto kwa sababu ya uvumi huo. Mwaka 1959 huko Buguruni, Dar es Salaam, ghasia za mumiani zilimalizika kwa polisi kuuawa.

Ni rahisi kuwacheka watu hao. Lakini angalia walichokuwa wakikiona. Watu wa serikali ya kikoloni walikuja na magari, wakawapanga watu mstari, wakawatoboa vidole kuchukua damu ya kupima, wakaondoka nayo, hawakurudi na jibu. Na tusidhani kwamba watu hao waliogopa sindano zote. Miaka ya 1920, sindano za buba zilipoanza kutolewa Kenya, watu walizikimbilia wenyewe, wakatembea mbali kuzifuata, kwa sababu vidonda vilikuwa vinapona mbele ya macho yao. Sindano inayoleta kitu ilipendwa. Inayochukua kitu na kunyamaza iliogopwa. Hapo, nafikiri, ndipo nilipompata ndugu yangu wa kwanza: mtu aliyesimama mbele ya mlango uliofungwa wa jengo la serikali, asiyeambiwa kinachoendelea ndani, akajazia mwenyewe lililobaki.

Uhuru ulipokuja ulifungua milango. Mwaka 1965 serikali ilifuta ada za wagonjwa wa nje katika vituo vya umma, na kwa kizazi cha Cucu hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko hotuba zote. Kisha Desemba 1989, wakati wa masharti ya wakopeshaji, ada zikarudi kwa jina la kuchangia gharama. Zikasimamishwa mwaka uliofuata, zikarudishwa kidogo kidogo kuanzia 1992. Mwaka 2004 zikapunguzwa: shilingi 10 kwenye zahanati, 20 kwenye kituo cha afya. Watu wa rika la mama yangu bado wanaiita "ile ya kumi-ishirini." Mwaka 2013 nazo zikafutwa, na tarehe 1 Juni mwaka huohuo serikali mpya ikatangaza kwamba kujifungua katika hospitali za umma ni bure.

Ninayaorodhesha haya kwa sababu moja. Kila badiliko lilitangazwa na mtu mkubwa kwenye redio na likaelezwa na mtu mdogo dirishani. Rais anasema bure. Sista anasema, mama, glovu zimeisha, enda ununue duka la dawa pale nje. Kati ya wawili hao, ni nani unayeweza kumfikia kwa mkono? Siku hizi si pesa tena, ni mfumo. Tangu Oktoba 2024 tulipohamishwa kutoka NHIF kwenda SHA, karani ndiye anayesema "sistimu imelala," na ukimtazama usoni unaona anajua unachofikiria, na anajua kwamba kiti chake kiko karibu na wewe kuliko kiti cha waziri.

Sitaki nionekane natetea upande mmoja. Wiki kumi tu baada ya tangazo lile la kujifungua bure, tarehe 8 Agosti 2013, mwanamke mmoja alijifungulia sakafuni kwenye korido ya hospitali ya wilaya ya Bungoma. Vitanda havikutosha, aliachwa peke yake, akazaa, akazimia, akazinduka anazabwa makofi na wauguzi kwa kuchafua sakafu. Mtu alirekodi kwa simu, nchi nzima ikaona. Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ikaamua kwamba haki zake zilivunjwa na ikaagiza alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5. Video ile niliitazama nikiwa shule, na naamini iko ndani ya ngumi yangu ya 2022. Kila mtu anayengoja kwenye korido ya hospitali ya umma amekuja na korido ya Bungoma kichwani. Wauguzi wale walikosea, hakuna njia ya kulisema vingine. Lakini pia idadi ya akina mama iliongezeka kwa amri ya siku moja, na wauguzi hawakuongezeka kwa amri hiyo.

Ubaya umekwenda pande zote mbili za dirisha, na ndiyo maana mazungumzo kuhusu kuuzuia huwa yanakwama. Mhudumu anasema raia ni wakali. Raia anasema wahudumu wana kiburi. Serikali inasikiliza wote wawili kisha inaweka soja.

Juu ya soja na bunduki, historia yetu ya karibuni ina Ijumaa mbili zilizofuatana.

Ijumaa ya kwanza ni tarehe 12 Aprili 2019, Mandera. Madaktari wawili kutoka Cuba, Assel Herrera na Landy Rodríguez, walikuwa njiani kwenda kazini hospitalini asubuhi. Walikuwa miongoni mwa madaktari 100 walioletwa nchini mwaka uliotangulia. Walikuwa na ulinzi wa polisi wenye silaha. Gari lao lilizuiwa, polisi mmoja akauawa, na wao wakavushwa mpaka kupelekwa Somalia. Baada ya hapo madaktari wenzao wa Cuba wakaondolewa kwenye kaunti za mpakani, kwa hivyo mgonjwa wa Mandera aliyekuwa akimngoja daktari bingwa akarudi kungoja alivyokuwa akingoja zamani.

Ijumaa ya pili ni tarehe 19 Aprili 2019, Ijumaa Kuu, Butembo, mashariki mwa Kongo. Watu wenye silaha waliingia hospitali ya chuo kikuu wakamuua Richard Mouzoko, daktari kutoka Kameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani kupambana na Ebola. Butembo watu wanazungumza Kiswahili, nasi tungeelewana nao sokoni bila mkalimani, na bado habari ile ilipita kwetu kama ya dunia nyingine. Mimi niliisoma miaka mitatu baadaye, nikitafuta watu waliovunja vioo.

Inafaa kuikalia Butembo kidogo. Mlipuko ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na ulimalizika Juni 2020, ukiwa umeua watu 2,287. Eneo lile lilikuwa limeona mauaji ya raia kwa miaka, na hakuna aliyekuwa amekuja na magari meupe kwa ajili ya hayo. Mara Ebola ikaja na magari yakajaa. Vituo vya kawaida havikuwa na dawa ya malaria, lakini pesa za Ebola zilionekana barabarani. Watu wakaiita biashara. Kisha mwishoni mwa Desemba 2018 tume ya uchaguzi ikatangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura pamoja na nchi nzima, sababu zikiwa ni Ebola na usalama. Kesho yake waandamanaji wa Beni wakashambulia kituo cha wagonjwa wa Ebola. Si kwamba walikosa akili. Jana yake ugonjwa ulikuwa umewanyang'anya kura, na mwenye kanzu nyeupe alikuwa jirani kuliko tume iliyo Kinshasa.

Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa ndani ya siku chache. Jibu la wakubwa likawa ulinzi zaidi: polisi, askari, misafara. Mwezi uliofuata Joanne Liu, aliyekuwa rais wa Médecins Sans Frontières, alisema hadharani kwamba mapambano yanashindwa kupata imani ya watu na kwamba kutumia nguvu kunazidi kuwageuza wahudumu kuwa adui. Mwezi mmoja baadaye Mouzoko akauawa. Sisemi angepona kama polisi wangeondolewa. Waliomuua walikuwa na bunduki, na mtu mwenye bunduki hazuiwi na maelezo mazuri. Ninachosema ni kwamba hadi wenye bunduki wanafika, mtaa mzima ulikuwa umeshazoea kuiona hospitali kama kambi.

Na kuna siku ambapo mwenye silaha anatoka upande wa mwajiri. Tarehe 29 Februari 2024, Davji Atellah, katibu mkuu wa chama cha madaktari, aliongoza maandamano Nairobi kudai madaktari wanafunzi wapangiwe kazi. Mkebe wa gesi ya kutoa machozi ukampiga kichwani. Wiki mbili baadaye madaktari wakagoma, mgomo uliochukua siku 56. Waliobaki kwenye vituo kama chetu, wale wa zamu ya usiku, ndio waliowaeleza watu kwa nini hakuna daktari.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Nilitaka kujua kama sista yule alikuwa na haki ya kunifukuza. Jibu lipo kwenye Sheria ya Afya ya 2017, na liko wazi kuliko nilivyotarajia. Kifungu cha 12 kinampa mhudumu haki ya mahali salama pa kazi, penye hatari ndogo ya kuambukizwa na kuumizwa. Kinampa pia haki ya kukataa kumtibu mtu anayemshambulia kwa mkono au kwa maneno, au anayemnyanyasa kingono. Nilipofika hapo nilihisi aibu, lakini pia nikahisi kitu kama faraja: angalau sheria ilikuwa upande wake. Kisha nikasoma mwisho wa sentensi. Isipokuwa, inasema sheria, pale penye dharura na hakuna mhudumu mwingine wa kumhudumia.

Niliiacha simu nikatoka nje kidogo.

Kwa maneno ya sheria, haki ile ni ya mhudumu aliye na mwenzake. Kwenye hospitali kubwa ya Nakuru mchana, muuguzi aliyetukanwa anaweza kusema, mimi huyu sitamgusa, mwite fulani. Kwenye kituo cha mlimani saa saba usiku hakuna fulani. Kila anayefika saa hiyo ni dharura, la sivyo asingetoka kwenye blanketi, na mhudumu mwingine yuko nyumbani kwake amelala kwa sababu zamu ni ya mtu mmoja. Yule "isipokuwa" anaanza kazi jua linapozama na kumaliza asubuhi. Ni jambo la haki kwa Cucu, nalikubali: asingepaswa kufa kwa sababu mjukuu wake ni mjinga. Lakini gharama ya haki hiyo ya Cucu ililipwa yote na mtu mmoja mwenye bandeji.

Afrika Kusini walikuwa na sheria inayofanana na hiyo tangu 2003. Kwao sentensi ya kukataa mgonjwa mkorofi inasimama bila mkia wa "mhudumu mwingine," na habari ya dharura iko kwenye kifungu chake. Sijui kama wauguzi wa huko wamelala salama zaidi kwa sababu ya mpangilio wa vifungu. Mwaka mmoja kabla ya sheria hiyo, uchunguzi wa mashirika ya kimataifa ulikuwa umewauliza wahudumu wa afya wa Afrika Kusini, na asilimia 61 wakasema wamekumbana na ukatili kazini, wa mwili au wa kisaikolojia, ndani ya mwaka mmoja. Nchini India, jimbo la Kerala, daktari kijana aliuawa Mei 2023 na mtu aliyeletwa hospitalini na polisi wenyewe, na mwezi huohuo jimbo likakaza adhabu. Adhabu kali ni nzuri kwa anayepiga hesabu kabla ya kupiga mtu. Mimi usiku ule sikuwa napiga hesabu yoyote isipokuwa ya pumzi.

Sheria yetu ilitiwa saini tarehe 21 Juni 2017. Tarehe hiyo nayo nilirudi kuiangalia mara mbili. Wauguzi wa Kenya walikuwa wameanza mgomo tarehe 5 Juni, na wangebaki nje hadi Novemba. Yaani haki yao ya mahali salama pa kazi iliandikwa wakati hawapo kazini, katika wiki ya tatu ya mgomo ambao, pamoja na mishahara, ulihusu mkataba wao wa pamoja ambao serikali ilikuwa inausukuma mbele kila mara.

Kuhusu namna ya kuzuia, hakuna siri. Mwaka 2002 Shirika la Kazi Duniani, Shirika la Afya Duniani, baraza la kimataifa la wauguzi na shirikisho la vyama vya watumishi wa umma walitoa mwongozo wa pamoja, na ukiusoma unashangaa ulivyo wa kawaida. Taa ziwe za kutosha. Watu wanaongoja wapewe habari. Kuwe na njia ya pili ya kutokea chumbani. Matukio yaandikwe, na aliyeumizwa asilaumiwe. Na watu wasipangwe kufanya kazi peke yao, hasa usiku. Miaka ishirini kamili ilikuwa imepita tangu maneno hayo yachapishwe hadi usiku wangu wa Julai. Kati ya yote yaliyoorodheshwa, naona hilo la mwisho ndilo linalobeba mengine. Mtu wa pili dirishani, hata asiwe daktari, angeniambia kila dakika tatu: mtoto ametoka kichwa, sista anakuja, mwinue cucu kidogo. Ningelia, labda ningetukana. Sidhani ningepiga kioo. Na hata ningepiga, sista angekuwa na mtu wa kumfunga bandeji.

Mtu huyo ni mshahara. Ndiyo maana soja na kamera hupatikana kwanza. Vinanunuliwa mara moja na kuzinduliwa kwa utepe, na mshahara wa muuguzi wa pili unarudi kila mwisho wa mwezi.

Nilirudi kwenye kile kituo mwaka 2024, wiki chache baada ya kumzika Cucu. Nilikuwa nimelipwa vizuri na kazi moja, nikataka kulipa kioo. Soja alikuwa yuleyule, alinikumbuka, au alijifanya ananikumbuka. Aliniambia sista alishahamishwa, yapata mwaka, na hakujua alipelekwa wapi. Nikaenda kwa karani. Alinisikiliza vizuri, akabonyeza bonyeza, akasema mfumo hauna mahali pa kupokea pesa za kioo. Kama ni mchango kuna barua ya kuandika, na barua inapelekwa kaunti ndogo. Akauliza kwanza ni kioo gani.

Kwa kweli kioo hakikuwapo tena. Mahali pake walikuwa wamepigilia ubao wa plaiwudi, mzima, na chini kabisa wamekata tundu la mraba la kupitishia kadi na karatasi. Huwezi kumwona aliye ndani, naye hawezi kukuona. Nilimuuliza soja usiku siku hizi wanakuwa wangapi.

"Mmoja," akasema. "Na mimi."

Mama mmoja alifika akiwa na mtoto mgongoni, leso imefunikwa mpaka kichwani kwa sababu ya upepo. Alisimama mbele ya ubao akaangalia juu, akaangalia pembeni, kisha akaliona tundu. Akainama, mkono mmoja nyuma kumshikilia mtoto, akasema shida yake kwenye tundu. Sauti ikajibu kitu kutoka ndani. Hakusikia. Akainama zaidi, akaweka sikio.

"Amesema nini?" akamuuliza soja.

"Amesema ungoje."